Historia Fupi ya Gari la Kwanza la Kijana



Nilipoombwa kuandika makala ya historia kwa ajili ya jarida letu, nilifikiri kwanza habari za vita na mikataba, kama tulivyozoeshwa na walimu wetu. Lakini mwaka huu nyumbani kwangu Tabata Kimanga kumekuwa na mjadala mmoja tu, nao umenirudisha kwenye historia kuliko nilivyotazamia. Binti yangu ana miaka 19, ana leseni, na chuo anachosoma kiko Mlimani. Anunuliwe gari gani? Babu yake alikuwa na jibu. Mjomba wake alikuwa na jibu, na jirani yangu ambaye hajapata kumiliki hata baiskeli alikuwa na majibu mawili. Nilipowasikiliza kwa makini niligundua kwamba kila mmoja wao alikuwa akilijibu swali la zama zake, si swali la binti yangu.

Katika nchi yetu swali la kwanza juu ya gari limekuwa siku zote: je, litafika? Asili yake ni ya zamani sana. Tarehe 10 Agosti 1907 ofisa mmoja wa Kijerumani, Paul Graetz, aliondoka Dar es Salaam kwa gari lililotengenezwa Gaggenau, Ujerumani, akinuia kulivuka bara la Afrika hadi pwani ya Atlantiki. Alifika Swakopmund tarehe 1 Mei 1909. Hizo ni siku 630. Petroli ilibidi itangulizwe njiani, na mahali pengi gari lilivutwa na watu badala ya kuwabeba watu. Ulaya ilimshangilia kwa sababu moja tu, kwamba alifika. Kwa mwendo ule wa kobe hakuna aliyekuwa na haja ya kuuliza kama gari lingeweza kusimama.

Miaka ya 1950 na 1960 iliifanya fikra hiyo kuwa mchezo wa taifa zima, tena wa mataifa matatu. Mwaka 1953 yalianzishwa mashindano ya magari ya Afrika Mashariki kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, nayo yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Wazee wetu walijipanga kando ya barabara za vumbi na matope kuyatazama. Walichojifunza pale ndicho walichonunua dukani. Volkswagen yenye mgongo wa kobe ilishinda mwaka 1954, 1957 na 1962. Peugeot 404 ilishinda mwaka 1963, kisha mara tatu mfululizo kuanzia 1966 hadi 1968. Halafu Datsun zikaingia, zikashinda mwaka 1970, 1971 na 1973. Mtu akikuambia leo kwamba baba yake alinunua Peugeot au Datsun kwa sababu "ni gari gumu", ujue anakariri matokeo ya mashindano hayo hata kama hajui.

Katika orodha hiyo ya washindi kuna gari moja ambalo wengi wetu tulilisahau, nami naomba tulisimamie kidogo. Mwaka 1965 mshindi alikuwa Joginder Singh wa Kenya, akiwa pamoja na nduguye Jaswant, ndani ya Volvo PV544. Gari lile halikuwa jipya. Lilikuwa limekwisha kushindanishwa na watu wengine kabla ya kufika mikononi mwao. Kwa maneno ya siku hizi, lilikuwa mtumba. Tena gari la aina hiyo ndilo lililokuwa miongoni mwa magari ya kwanza duniani kuuzwa likiwa na mkanda wa usalama unaopita begani na kiunoni. Mkanda huo ulibuniwa na mhandisi wa Volvo, Nils Bohlin, mwaka 1959, na kampuni ikaacha hataza yake wazi ili watengenezaji wengine wauige bila malipo. Basi gari la mtumba, gumu na lenye mkanda, lilipita mbele ya macho ya Afrika Mashariki likashinda. Sisi tulichukua funzo la ugumu. Mkanda hatukuuona.

Mwaka huohuo wa 1965, huko Marekani, mwanasheria kijana Ralph Nader alitoa kitabu kuwashutumu watengenezaji wa magari kwamba waliuza urembo na mwendo huku wakijua kwamba baadhi ya magari yao yaliwaua watu isivyo lazima. Mfano wake mkubwa ulikuwa Chevrolet Corvair, gari lenye injini nyuma, ambalo katika matoleo yake ya mwanzo magurudumu ya nyuma yaliweza kujikunja kwenye kona kali na kulipindua. Mwaka 1966 Bunge la Marekani likapitisha sheria ya usalama wa magari. Sasa fikirini: Volkswagen yetu ya mgongo wa kobe, ile iliyoaminiwa na mapadri na walimu wakuu, nayo ilikuwa na injini nyuma, na kwa miaka mingi magurudumu yake ya nyuma yalifungwa kwa mtindo unaofanana na huo, na tangi la petroli likakaa mbele karibu na miguu ya dereva. Haikuwa na rejeta, kwa hiyo haikuchemka mlimani. Iliwaka asubuhi na mapema. Hizo ndizo sifa tulizozihesabu.

Sitaki kuwaonea wazee wetu. Hesabu yao ilikuwa na sababu, na sababu hiyo ilizidi kuwa nzito baada ya mwaka 1973. Vita ya Mashariki ya Kati ya Oktoba mwaka ule ilipandisha bei ya mafuta ghafi duniani kutoka kama dola 3 kwa pipa hadi karibu dola 12 kwa muda wa miezi michache. Nchi isiyo na kisima cha mafuta ilitetereka. Kisha ikaja vita ya Kagera, 1978 hadi 1979, na fedha za kigeni zikakauka. Wenye umri wanakumbuka magari binafsi yalivyozuiwa kutembea Jumapili alasiri bila kibali ili kuokoa mafuta. Gari jipya lilikuwa la wizara, la shirika la umma au la mradi wa wafadhili. Raia wa kawaida aliyetaka gari alingoja mtaalamu wa kigeni amalize mkataba wake na kuuza alichokuwa nacho.

Ndivyo baba yangu alivyopata Datsun 120Y yake mwaka 1986. Wakati ule Tabata ilikuwa bado na mashamba ya mihogo, na moshi wa dampo la jiji ulitufikia mezani. Wakazi walilifikisha shauri la dampo lile mahakamani mwaka 1988, na hiyo ni historia nyingine inayostahili makala yake. Datsun ilipofika uani majirani walikuja kuitazama kama bibi harusi. Baba aliiwasha, ikawaka mara moja, wakapiga makofi. Sikumbuki mtu yeyote aliyeomba aione ikisimama.

Katika enzi za uhaba fundi aliheshimiwa kama mganga, na alistahili. Gasketi aliikata kwenye karatasi ngumu. Springi ya lori aliifua ikawa ya gari dogo. Raba za breki, zilipokosekana, alizichonga kutoka raba nyingine yoyote iliyokaribia unene. Gari lilitembea, na kutembea ndiko kulikotakiwa. Ubaya wa akili hiyo ya dharura ni kwamba ilibaki hata dharura ilipokwisha. Datsun ya baba ilichongewa raba za breki miaka ya uhaba, na ilipofika miaka ya 1990, wakati vipuri vimejaa Kariakoo na Gerezani, bado ilikuwa ikichongewa, kwa sababu fundi wa mtaani alizoea hivyo nasi tulizoea bei yake.

Mwaka 1999, tulipomaliza kidato cha sita, nilikuwa na leseni ya miezi miwili. Baba aliniazima gari niwapeleke wenzangu watatu kwenye sherehe ndogo. Wawili wao huhudhuria mkutano wetu kila mwaka, na yule aliyekaa mbele pamoja nami ameniruhusu nisimulie mradi nisimtaje. Tulikuwa tukiteremka kuelekea Tabata Relini. Nilikanyaga breki, mguu ukazama hadi chini, nikakanyaga tena, nikakuta hewa. Sikwenda mbio sana. Nilikata kushoto kuwakwepa watu waliokuwa wakivuka, tukaingia mtaroni na kugonga kingo ya zege. Mikanda ya mbele ilikuwapo ndani ya gari lile tangu lilipotengenezwa. Ilikuwa imefungwa fundo nyuma ya viti isitusumbue. Mimi nilishikwa na usukani nikavunjika mbavu mbili. Mwenzangu hakuwa na cha kumshika. Goti lake halijakunjika sawasawa tangu siku ile, na nafasi aliyokuwa amepata jeshini akaikosa. Jioni yake ndugu waliokuja kulitazama gari waliinua boneti, wakaliwasha, likawaka. Mmoja akasema, "Afadhali, injini nzima."

Naomba mniwie radhi kwa kuingiza habari zangu katika historia, lakini sijui njia nyingine ya kueleza kwa nini majibu ya ndugu zangu juu ya gari la binti yalinitisha.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1984 ni mwaka wa mambo mawili katika historia ya magari yetu. Tarehe 12 Aprili Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine alifariki katika ajali ya gari Dakawa, Morogoro, na nchi nzima ikasimama kwa majonzi. Miezi michache baadaye, katika bajeti ya mwaka ule, Serikali iliwaruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe za kigeni. Mlango ukafunguka. Kwanza zilikuja pikapu na mabasi madogo, kwa kuwa kila mtu alitaka gari la biashara. Daladala zilikuwa zimeruhusiwa mwaka uliotangulia. Wale wa rika letu wanakumbuka "chai maharage", pikapu zenye mabenchi ambamo abiria walikaa wakitazamana kama wanafunzi bwenini wakati wa chakula. Miaka ya 1990 ikaleta magari madogo yaliyotumika kutoka Japani, mengine yakipitia Dubai.

Kwa nini Japani? Watu husema ni kwa sababu Wajapani ni matajiri. Hilo halitoshi. Wajapani huendesha upande wa kushoto kama sisi, kwa hiyo usukani wao umekaa tunakoutaka. Pia sheria yao hulilazimisha gari binafsi kukaguliwa baada ya miaka 3 ya kwanza, kisha kila baada ya miaka 2, na ukaguzi huo pamoja na kodi zake una gharama. Wenye magari wengi huona heri kuuza. Corolla, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1966 na kuipita Volkswagen ya mgongo wa kobe kwa wingi wa mauzo mwaka 1997, ikawa gari la mwalimu, la karani na la teksi. Kisha ikaja Vitz, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 1999, na kwa mara ya kwanza katika historia yetu mfanyakazi wa kawaida akaweza kumfikiria mwanawe na gari katika sentensi moja.

Hapo ndipo swali letu la zamani lilipopitwa na wakati. Karibu kila gari la Kijapani lililotunzwa litawaka asubuhi. Litafika Mlimani, litafika na Mbeya. Wakati huohuo mambo ambayo hatukuyauliza yalikuwa yakiboreshwa kimyakimya huko yanakotoka. Mwaka 1978 Mercedes-Benz na Bosch walileta breki ambazo haziyaachi magurudumu yagande dereva akikanyaga kwa hofu. Mifuko ya hewa ilifuata miaka ya 1980. Mwaka 1995 ukaja mtambo unaolizuia gari kuserereka: ukiona gari linaanza kwenda kombo huvuta breki ya gurudumu moja moja hadi linyooke. Marekani imeulazimisha mtambo huo katika magari yote mapya ya abiria kuanzia yale ya mwaka 2012. Kwenye Toyota huandikwa VSC. Watafiti wa bima wa Marekani, ambao kazi yao ni kuhesabu fidia na si kubembeleza mtu, wanaushauri kwa kijana anayeanza kuendesha kuliko karibu kitu kingine chochote, kwa sababu kosa la kijana aghalabu ni kuingia kona kwa mwendo asioujua.

Sasa nisikilizeni majibu ya ndugu zangu. Babu alisema tutafute Corolla ya zamani, ile ya miaka ya 1990, kwa sababu kila fundi anaijua. Ni kweli, na kwa heshima zote nilimwambia kwamba nyingi hazina mfuko wa hewa hata mmoja na bodi zake sasa zimeliwa na kutu ya pwani. Jirani alisema Vitz, haili mafuta. Nayo ni kweli, lakini binti yangu atapita Barabara ya Mandela kila siku katikati ya malori ya makontena yatokayo bandarini, na Vitz za mwanzo hazifiki uzito wa tani 1. Gari dogo likigongana na kubwa, dogo ndilo linaloumia. Hilo halihitaji profesa. Mjomba alisema Mark X, ili mtoto asidharauliwe na wenzake. Injini yake ndogo kabisa ni ya lita 2.5 na silinda 6. Nilimuuliza mjomba kama angempa mtoto wa miaka 19 farasi wa mashindano aende naye sokoni. Tulinyamaziana siku tatu.

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 humruhusu mtu kuendesha gari akitimiza miaka 18. Sheria haiwezi kumpa uzoefu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu milioni 1.19 walikufa barabarani duniani mwaka 2021, na ajali hizo ndizo zinazoongoza kwa kuwaua watu wa miaka 5 hadi 29, yaani watoto wetu na wadogo zetu mlio shuleni. Utafiti pia umeonyesha kwamba hatari ya dereva kijana huongezeka kila anapoongezeka kijana mwenzake ndani ya gari. Niliposoma hilo niliwakumbuka wale watatu niliowabeba mwaka 1999, na kelele tulizokuwa tukipiga.

Mwishowe nilimpigia simu yule mwenzetu wa goti. Baada ya kukosa jeshi alisomea ufundi wa magari, na leo ana gereji yake ndogo, si ya chini ya mwembe bali yenye sakafu na shimo la kuchungulia chini ya gari. Alikataa kuzungumzia rangi wala umbo. Alitaka kuona karatasi ya mnada ya Japani, ile inayolipa gari alama, akanionya kwamba ikiandikwa R au RA maana yake gari liliwahi kugongwa likatengenezwa. Alitaka namba ya chesisi ya kwenye karatasi ilingane na ya kwenye gari, na kilometa za kwenye karatasi zilingane na za kwenye dashibodi, kwani mita zinazorudishwa nyuma ni ugonjwa wa zamani katika biashara hii. Magari matatu aliyakataa bila hata kuinua boneti. La nne lilikuwa Corolla Axio ya lita 1.5, rangi ya kijivu ambayo binti aliiita ya kizee, ikiwa na alama ya VSC na mifuko ya hewa. Nilikopa kwenye chama chetu cha kuweka na kukopa, nikalichukua.

Gereji alilitenda kinyume cha desturi. Hakuliwasha kwanza. Alifungua magurudumu yote manne akatazama breki, akabadilisha mafuta ya breki yote, akasoma tarakimu nne ubavuni mwa kila tairi, ambazo hueleza wiki na mwaka tairi lilipotengenezwa. Tairi lilikuwa na kina kizuri, mimi ningeliacha. Kumbe yalikuwa ya theluji, yametengenezwa kwa raba laini kwa ajili ya majira ya baridi ya huko, na katika joto la Dar es Salaam hulainika zaidi. Yote yakatolewa. Kisha akaingia kiti cha nyuma. Muuzaji alikuwa amekwisha kuvivalisha viti makava mazuri ya ngozi bandia, na vifungio vya mikanda ya nyuma vilikuwa vimefunikwa chini yake, havionekani. Mwenzangu alichukua kisu akayapasua makava yale mahali patatu, bila kuniomba ruhusa, akavivuta vifungio vikatoka nje.

Nilipomuuliza gharama alinitajia bei ya matairi na mafuta ya breki tu. Jumapili iliyofuata binti alituendesha kutoka Kimanga hadi Segerea na kurudi, mimi kushoto kwake, babu yake nyuma. Kabla hatujaondoka mzee alipapasa kiti kwa muda mrefu akitafuta mkanda, nikamwonyesha mahali palipopasuliwa.